Akchueta inayogoma Jumatatu asubuhi: kuchagua na kukadiria ukubwa wa akchueta ya valvu ya tufe

Swali: Mhandisi, salaam. Nasimamia matengenezo katika kiwanda cha mafuta ya kula jijini Dar es Salaam. Tuna valvu sita za tufe (zinazofunga kwa mpira wa chuma wenye tundu) za inchi 4, za PN16, yaani za presha ya hadi bar 16, kwenye mabomba ya mafuta ghafi ya mawese, na tumeamua kuondoa mipini ya mkono ili tufunge akchueta za hewa, yaani vifaa vinavyozungusha valvu kwa hewa iliyobanwa badala ya mkono. Karatasi ya valvu inasema msokoto wake, yaani nguvu ya kuizungusha, ni Nm (niutoni-mita) 120. Tulianza na valvu moja, tukanunua akchueta inayosukumwa na hewa pande zote mbili, iliyoandikwa Nm 180 kwa bar 6. Katikati ya wiki inafanya kazi vizuri, lakini Jumatatu asubuhi inagoma na fundi hulazimika kuizungusha kwa spana. Sasa muuzaji mmoja anatushauri tuchukue kubwa zaidi kwa valvu zote, na mwingine anatuletea ya springi kwa bei inayokaribia mara mbili. Geji ya kompresa yetu inaonyesha bar 7. Tumfuate yupi? Au twende kwenye akchueta za umeme tuachane na hewa?

Jibu: Ndugu yangu, wauzaji wote wawili wamekujibu kabla ya kukuuliza mambo matatu ambayo bila hayo hakuna anayeweza kukujibu kwa uaminifu: presha ya hewa ni kiasi gani pale pale kwenye valvu, mafuta yako yana hali gani Jumatatu alfajiri, na valvu inatakiwa ibaki wapi hewa inapokatika. Akchueta hainunuliwi kwa inchi za bomba. Valvu mbili za inchi 4 zinaweza kufanana kwa macho, lakini moja ina viti (pete zinazolibana tufe) vya tefloni laini na nyingine ina viti vya chuma, na hiyo ya pili ikadai msokoto mara mbili au zaidi ya ya kwanza. Kinacholinganishwa ni msokoto ambao valvu inaudai katika hali yake mbaya kabisa na msokoto ambao akchueta inautoa katika hali yake dhaifu kabisa. Akchueta yako ilichaguliwa kwa kulinganisha hali nzuri na hali nzuri, na ndiyo maana inakuridhisha Jumatano na kukuangusha Jumatatu.

Tuanze na hiyo Nm 120. Katika valvu ya ukubwa wako, kwa kawaida tufe halijashikiliwa na mhimili wa chini; linaelea kati ya viti viwili, na presha ya bomba hulisukuma likabane kiti cha upande wa pili. Kwa hiyo msokoto hutokana na msuguano wa tufe na viti, pamoja na msuguano wa pakingi inayozunguka shina, yaani fimbo inayozungusha tufe. Namba ya kwenye karatasi kwa kawaida ni ya valvu mpya, iliyopimwa kwa maji safi au hewa katika tofauti ya presha ya juu kabisa inayoruhusiwa, na iliyokuwa imezungushwa muda mfupi uliopita. Utasema kwamba tangi lako lina mafuta ya kina cha mita 10 tu, yaani chini ya bar 1, kwa hiyo valvu haifikii hata sehemu ndogo ya bar 16. Ni kweli, na sehemu ya msokoto inayoletwa na presha itapungua. Hata hivyo viti vilikazwa kwenye tufe kiwandani ili visivuje hata presha ikiwa ndogo, na mkazo huo hauondoki. Isitoshe, tefloni ina tabia ya kulegea polepole chini ya mzigo: tufe likikaa siku mbili bila kusogezwa, kiti hujikalisha vizuri zaidi juu yake na kukamua ule utando mwembamba wa mafuta uliokuwa unalainisha. Msokoto wa kulibandua baada ya hapo huwa mkubwa kuliko ule wa valvu inayofunguliwa kila saa. Mimi nisingekata hata Nm moja kwenye 120 kwa sababu ya presha ndogo ya tangi.

Ujue pia kwamba msokoto wa valvu si namba moja. Kuna wa kuanza kufungua, wa katikati ya safari, na wa kumalizia kufungua. Kisha kuna mitatu mingine ya kufunga. Kwa valvu ya tufe, wa kuanza kufungua ndio mkubwa kwa kawaida, na unaofuata ni ule wa kumalizia kufunga, tufe linapokaa tena kwenye kiti. Mtengenezaji anayejiheshimu atakupa namba zote sita ukimwomba. Ukipewa moja tu, ichukulie kuwa ni ya kuanza kufungua.

Sasa mafuta yenyewe. Mafuta ghafi ya mawese huyeyuka kabisa kwenye nyuzi joto za Selsiasi zipatazo 35, na kwa kusukumwa na pampu huwekwa kwenye nyuzi 50 hadi 55. Mwishoni mwa wiki mvuke unapozimwa, tangi kubwa hushika joto lake kwa muda mrefu, lakini mwili wa valvu ni pande la chuma lililo wazi na hupoa haraka. Usiku wa Julai joto la Dar es Salaam hushuka hadi kwenye nyuzi 20 hivi. Kati ya tufe na mwili wa valvu pana uwazi ambao hujaa mafuta kila unapofungua na kufunga, na hayo ndiyo yanayoganda kwanza. Jumatatu mnawasha mvuke, kipimajoto cha tangi kinaonyesha nyuzi 50, mwendeshaji anabonyeza kitufe, kumbe valvu iliyo chini ya tangi bado ni baridi ukiigusa kwa kiganja. Kama mwili wa valvu una plagi ya kutolea, itenge valvu kwanza, hakikisha haina presha, kisha fungua plagi hiyo: nategemea utakuta mafuta ya rangi ya chungwa yaliyoganda, na hayatatiririka. Akchueta yako ilikuwa inaombwa ikate hayo yote mbali na kubandua viti.

Upande wa pili wa mizani ni hewa. Akchueta ya aina yako ina pistoni mbili zenye meno yanayozungusha gia iliyo katikati. Chukua pistoni za kipenyo cha milimita 100: kwa bar 6 kila moja inasukuma kwa niutoni 4,700 hivi, na meno yakiishika gia umbali wa milimita 20 kutoka kitovu chake, zote mbili zinatoa Nm 188, kisha msuguano wa ndani unapunguza kidogo. Hapo ndipo namba kama 180 zinapotoka. Hesabu hiyo inaonyesha jambo moja ambalo bango la akchueta halikuambii: msokoto unapanda na kushuka sambamba na presha. Hewa ikiwa bar 4.5 badala ya 6, ile 180 inakuwa 135.

Bar 7 unayoisoma iko kwenye chumba cha kompresa, na kati ya hapo na valvu kuna vichujio, kikaushio, mabomba marefu na mashine za kujaza chupa zinazomeza hewa. Jumatatu asubuhi ni saa mbaya zaidi, kwa sababu kila mashine inaanza wakati mmoja na tangi la hewa bado linajazwa. Funga geji ndogo kwenye tundu la hewa la akchueta yenyewe, uiache hapo wiki nzima, na uisome wakati kiwanda kina shughuli nyingi na valvu ikiwa inasukumwa. Namba ya chini kabisa utakayoiona ndiyo ya kununulia akchueta. Kwa hesabu zinazofuata nitachukua bar 4.5, yako ikitofautiana, badilisha.

Pengine utaambiwa kwamba tatizo ni mpira mwembamba wa hewa wa milimita 6. Usihangaike nao kwa sasa. Mpira mwembamba huchelewesha valvu, lakini akchueta iliyogoma haitembei, kwa hiyo hewa haitiririki na presha ya ndani hatimaye hulingana na ya bomba kuu. Haiwezi kuwa sababu ya kugoma, isipokuwa kama sili za pistoni zinavuja na hewa inapotea njiani.

Tukadirie basi. Nm 120 ni ya maji safi. Kwa mafuta mazito yanayoweza kuanza kuganda ningezidisha kwa 1.25, tupate 150, na juu yake niweke akiba ya usalama ya asilimia 25, tufike karibu Nm 190. Watengenezaji hutofautiana katika vizidisho hivi, na aliyetengeneza valvu ana neno la mwisho kuhusu valvu yake. Kwa tope, unga au gesi kavu kabisa wengi huenda juu zaidi. Jihadhari tu na desturi ya kila mtu kuongeza akiba yake kimyakimya: mhandisi anaongeza robo, ofisi ya manunuzi inaongeza robo, muuzaji anaongeza robo, mwisho unafunga akchueta inayoweza kulikata shina. Akiba iwekwe mara moja, na iandikwe. Nm 190 kwa bar 4.5 ni sawa na akchueta inayotoa kama Nm 255 kwa bar 6. Hiyo ndiyo saizi yako kama unataka hewa pande zote mbili. Ile ya 180 ilikuwa na 135 dhidi ya 120 katika siku njema, na siku mbaya haikuwa na kitu.

Sasa springi, ambayo ndiyo sehemu ninayoona watu wakikosea zaidi. Hewa ikikatika, akchueta ya hewa pande mbili haina pa kwenda. Inabaki ilipo, au inalegea na kusogea kidogo. Ya springi inarudi yenyewe. Lakini springi hiyo hiyo inayokufungia valvu ndiyo inayopingana na hewa kila unapofungua, na tena nguvu yake haifanani safari nzima: ikiwa imebanwa ina nguvu nyingi, na kadiri inavyojikunjua inadhoofika. Kwa valvu inayofungwa na springi, springi inakuwa dhaifu pale pale mwishoni ambapo tufe linataka kubanwa kwenye kiti. Hapo ndipo pa kuanzia hesabu, wala si kwenye namba kubwa iliyoandikwa kwenye bango.

Tuseme kumalizia kufunga kunadai Nm 150, pamoja na akiba. Springi basi itoe si chini ya 150 mwishoni mwa safari yake. Kufungua kunaanza hapo hapo, springi ikiwa bado inarudisha nyuma kwa hizo 150, na valvu inadai 190. Hewa peke yake lazima iweze Nm 340 kwa bar 4.5. Tuchukue 350. Springi inayoisha na 150 inaweza kuwa inaanza na 240 hivi, kwa hiyo mwishoni mwa kufungua hewa inabakiwa na 350 kutoa 240, yaani 110. Hiyo inatosha, kwa sababu kumalizia kufungua hakudai mengi, lakini angalia jinsi pengo lilivyokuwa dogo. Presha ikishuka hadi bar 4, hewa ina Nm 311, na mwanzoni zinabaki 161 badala ya 190. Umeshaila akiba yako. Akchueta za springi huumia zaidi hewa inaposhuka, kwa sababu upungufu wote unaangukia upande wa hewa na springi haipungui chochote. Linganisha sasa 350 na 190 na utaona kwa nini muuzaji wa pili anataka bei inayokaribia mara mbili. Hakuibii kitu; anauza mashine inayokaribia mara mbili kwa ukubwa.

Je, unaihitaji? Kwa valvu zilizo chini ya matangi, ndiyo. Bomba likipasuka au mpira wa kupakulia ukichomoka wakati umeme umekatika na kompresa imezima, tangi zima litamwagika sakafuni kupitia valvu iliyobaki wazi. Kwa valvu za kugawa mafuta baada ya pampu, ambazo ziko ndani ya jengo na pampu nayo husimama umeme ukikatika, hewa pande mbili inatosha kabisa. Kwa hiyo sioni sababu ya kununua sita za aina moja; nunua za springi kwa za matangi tu.

Kabla hujalipia kubwa yoyote, muulize mtengenezaji wa valvu kikomo cha msokoto ambao shina lake linaruhusu. Hili husahaulika kwa sababu watu huogopa upungufu na hawaogopi wingi. Tuseme flanji ya juu ya valvu yako, yaani sahani ya bolti inayobeba akchueta, ni ya saizi F10 na shina ni mraba wa milimita 22. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5211 kinaruhusu flanji ya F10 hadi Nm 500, na F07 hadi 250, lakini hizo ni namba za flanji na bolti zake. Shina lina kikomo chake, kinachotegemea chuma lilichotengenezwa nacho. Tuseme unajibiwa Nm 320. Chukua ile akchueta ya springi, inayotoa 350 kwa hewa ya bar 4.5. Jumapili kiwanda kimelala, hakuna anayetumia hewa, na bomba kuu linapanda hadi bar 7. Hewa sasa ina Nm 544. Toa 150 za springi, zinabaki 394 zinazoliangukia shina kama tufe limekwama. Ni juu ya kikomo. Dawa yake ni rahisi na ya bei ndogo: funga regyuleta (kifaa cha kupunguza presha na kuishikilia) kwenye tawi la hewa linalokwenda kwenye valvu, uiweke bar 5, na msokoto hautazidi Nm 240 hivi. Ukubwa wa akchueta hukaguliwa mara mbili, kwa presha ya chini kabisa kuona kama itaweza, na kwa presha ya juu kabisa kuona kama haitavunja.

Hata hivyo, nikiulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, nitasema iende kwenye joto la valvu. Kuna valvu za tufe zenye koti la mvuke mwilini. Kwa ulizo nazo, bomba dogo la mvuke au waya wa umeme wa kupasha, ukazungushiwa kizuia joto, utatosha, mradi mwili wa valvu uwe umefika nyuzi 45 au zaidi kabla mwendeshaji hajaruhusiwa kubonyeza kitufe. Kuongeza nguvu ili kukata mafuta yaliyoganda kunachakaza viti, na valvu itaanza kuvuja kabla ya akchueta kuchoka. Jambo moja la kuangalia: sili za kawaida za akchueta huvumilia hadi nyuzi 80 hivi, na mvuke ni moto kuliko hapo. Tumia mabano marefu kati ya valvu na akchueta, na usiifunike akchueta kwa kizuia joto.

Kuhusu umeme, sikushauri kwa valvu za matangi. Akchueta ya kawaida ya umeme hubaki ilipo umeme ukikatika, na zile zenye springi au betri huongeza bei. Pia zina udhaifu wao unaofanana na wa hewa: msokoto wa mota ya aina ya kawaida hufuata mraba wa volti, kwa hiyo volti ikishuka kwa asilimia 10 msokoto unabaki asilimia 81, na ikishuka kwa 15 unabaki 72. Zinafaa pale ambapo hakuna kompresa karibu, au valvu inasogezwa mara chache bila haraka. Angalia tu muda ambao mota inaruhusiwa kufanya kazi mfululizo, maana nyingi za kufungua na kufunga hazikujengwa kwa kurekebisha mtiririko kila dakika.

Mwendo nao usiuache kwa bahati. Akchueta ya springi ya saizi hii inaweza kufunga kwa muda wa sekunde moja au mbili, na valvu ya tufe hukata sehemu kubwa ya mtiririko katika theluthi ya mwisho ya safari yake. Kwa maji ndani ya bomba la chuma, kusimamisha ghafla mwendo wa mita 1 kwa sekunde huzua pigo la presha la kama bar 12, kanuni iliyothibitishwa na Nikolai Joukowsky huko Moscow mwaka 1898, na mafuta hayako mbali sana na hapo. Kwa mabomba yako baada ya pampu, hiyo juu ya presha ya pampu ni hatari kwa flanji za PN16. Kwa valvu iliyo chini ya tangi shida ni nyingine: ukiifunga huku pampu inaendelea kuvuta, pampu inakosa mafuta. Weka vidhibiti mwendo kwenye njia za kutolea hewa, urefushe ufungaji hadi sekunde 5 au zaidi, na uunganishe swichi za valvu na kiwashio cha pampu ili pampu izimike mara tu valvu inapoanza kuacha nafasi ya wazi.

Unapoomba bei upya, andika mambo haya kwenye barua: msokoto wa valvu kwa kila hatua na kikomo cha shina, aina ya mafuta na joto lake la chini kabisa, presha ya hewa ya chini na ya juu uliyoipima kwenye valvu, valvu ibaki wapi hewa ikikatika, muda wa kufunga unaoutaka, na flanji pamoja na kipimo cha shina. Kwa kuwa mko karibu na bahari, taja pia hewa ya chumvi, ili upewe mwili uliopakwa vizuri na bolti za chuma kisichoshika kutu. Akchueta ikifika, usiipokee kwa kuijaribu Jumatano mchana mezani. Ifunge kwenye valvu, iache imefungwa kuanzia Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi, mwili wa valvu ukiwa umefika joto mlilokubaliana, shusha regyuleta hadi presha ile ya chini uliyoipima, kisha ufungue. Kwa ile ya springi, kata hewa kabisa valvu ikiwa wazi na uangalie kama alama ya juu ya shina imefika mwisho wa kufunga. Muuzaji awepo.